Mke Wangu Alinifumania Stoo

"Fungua! Najua umo humo na mwanamke wako!"

Jamani… mke wangu! Mlango wa stoo, nyuma ya kibanda changu cha kutengeneza simu, ulikuwa unatikisika!

"Mama Kidosho, tulia, nafungua…"

"Nitulie?! Mtoto yuko hospitali, kesho anapasuliwa, wewe kila jioni unajifungia na mchepuko!"

Nikafungua. Akaingia kama mbogo, akachungulia chini ya meza, akavuta pazia.

Hakuna mwanamke. Kulikuwa na njiwa. Stoo nzima njiwa!

"Si uliniapia umewauza?"



Wadau, wale ndege nawapenda, acheni tu. Mama watoto alichoka na kinyesi chao uani, tukagombana, nikaapa nimeuza wote. Kumbe nimewahamishia stoo! Nawasafishia, halafu narudi nyumbani na shati lile lile, nambeba Kidosho, analala kifuani kwangu.

Na Kidosho alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, anakonda, akipanda kitanda tu anahema. Wakasema pumu, dawa ya kuvuta haikusaidia. Kifua kikuu wakapima, hakuna. Akilazwa anapata nafuu, akirudi nyumbani anazidiwa.

Mimi nikamgeuzia kibao mama yake: "Nyumba chafu hii, mtoto ataponaje?" Alilia sana. Nami huyooo, kwa njiwa wangu!

Daktari bingwa wa mapafu ya watoto alituuliza wazi: "Kuna mtu anayeshughulika na ndege?"

"Hakuna, daktari."

Mke wangu alikuwa kakaa pembeni yangu! Ningesemaje? Ndiyo wakapanga kumpasua kifua, wachukue kipande cha pafu wakapime.

Sasa pale stoo, mke wangu akanitazama…

"Si daktari aliuliza ndege?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bora ningekukuta na mwanamke."

Nilikimbia hospitali vile vile nilivyo. Daktari akanizuia mlangoni mwa wodi.

"Ishia hapo! Usimsogelee mtoto na nguo hizo."

"Daktari, nilidanganya. Nafuga njiwa…"

Akashusha pumzi. "Kuna watoto wachache, vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege huwavimbisha mapafu. Ni nadra. Ndiyo maana nilikuuliza."

Upasuaji ukaahirishwa. Wakapima damu: ni njiwa kweli! Ndege wakaondoka wote, nguo nikachoma, Kidosho akapewa dawa, akaanza kupata ahueni kidogo kidogo.

Mnadhani mke wangu alinianika? Hakumwambia mtu. Hata mama yangu hajui.

Wageni wakija kumjulia hali mtoto, Kidosho ananirukia mapajani.

"Baba alikimbia kwa daktari, nikapona!"

"Baba ndiye huyu sasa!" wanasema.

Mke wangu anaendelea kukunja nguo, hanyanyui macho.

Wazazi wenzangu, daktari akiuliza, semeni yote, hata la aibu. Mimi niliogopa kugombezwa na mke kuliko nilivyoogopea pumzi ya mwanangu. Na kila wakinisifu, natamani ardhi ipasuke inimeze.