Alimbeba Mama Mkwe Mbele ya Mji Mzima

"Asteria, huyo anayebebwa mgongoni si mama yako?"

Asteria alikuwa kwenye meza ya maji karibu na utepe wa kumalizia, akigawa chupa kwa wakimbiaji waliofika wakihema kama mbuzi wa mnadani. Kila mwaka mji wa Shinyanga una siku yake moja ya kukimbia wote: wenye mbio zao, wenye vitambi vyao, kwaya za makanisa, bodaboda walioacha pikipiki nyumbani, na wale wanaofuata fulana tu. Aligeuka amcheke shoga yake Violeth kwamba jua limemwingia machoni. Kisha akaona.

Alikuwa mama yake kweli. Kiatu kimoja mkononi, kitenge juu ya suruali ya mazoezi, mikono imezunguka shingo ya mwanamume. Na mwanamume mwenyewe alikuwa Boaz, fundi wa pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Segese. Mchumba wake. Posa imeshapokelewa, imebaki harusi.

Uwanja ulipiga makofi. Wageni walidhani wanamwona kijana mwenye huruma. Akina mama waliowafahamu wakashika midomo. Kwao Usukumani, mkwe na mama mkwe hupishana njia. Hawapeani mkono, hawali sahani moja. Huyu akitokea huku, yule anakatiza kule. Na huyu wala hakuishia kwenye mkono. Amempakia mgongoni kabisa.

Boaz alimtua taratibu kwenye kiti cha huduma ya kwanza, akainamisha kichwa, akaondoka bila kumtazama.

Kabla kifundo cha mguu wa mama hakijamaliza kufungwa bandeji, picha ilishaingia kwenye kundi la ukoo la wasapu. Baba mdogo Nkwabi, ambaye tangu baba yake Asteria afariki ndiye msemaji wa familia, akatuma ujumbe wa sauti. Posa irudishwe. Isipokuwa kama kijana atakuja kuthibitisha kwamba hakumjua yule mama. Asiyejua husamehewa, atatoa kondoo wa kuondoa aibu, yaishe.

Asteria akamwandikia Boaz haraka:

"Kesho ukiulizwa sema hukumjua. Hamjawahi kuonana, wataamini."

Jibu lilichelewa.

"Nilimjua. Umenionyesha picha zake mpaka najua anavyosimama."

"Boaz, hakuna anayekuuliza ukweli. Wanakuuliza kama unanitaka."

Alipiga, ikaita mpaka ikakatika.

Kesho yake baada ya ibada, wazee wakakaa sebuleni, nyumbani kwao Ibadakuli. Mama alikuwa chumbani, mguu juu ya stuli, nyuma ya pazia, kwa sababu mkwe yupo. Asteria alisimama kwenye korido, akisikiliza.

Nkwabi alikohoa. Akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayekufungulia mlango upite:

"Kijana, ulipomwinua yule mama, ulijua ni nani?"

"Nilijua, baba."

Asteria alifumba macho. Akaiona harusi yake inashika barabara ya Segese bila yeye.

"Ulijua, na bado ukamgusa?"

"Kwanza nilimpisha, kama nilivyofundishwa nyumbani. Nikaenda mbele kidogo, nikageuka. Amekaa kwenye lami, watu wanamkwepa kama shimo la barabara. Wengine wanampiga picha. Nikangoja, labda atatokea mtu wake anayeruhusiwa. Hakutokea. Nikarudi, nikaomba radhi, nikainama." Akamgeukia Nkwabi. "Asteria namtaka, baba. Lakini siwezi kuanza ndoa kwa kusema sikumjua mama yake. Kama ni kosa, ni langu."

Nkwabi alisimama, akawaambia wazee kwamba wamesikia wenyewe. Asiyemwogopa mkwe atamheshimu nani?

"Nkwabi."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Naam, shemeji."

"Shemeji anaruhusiwa kumshika shemeji yake?"

"Anaruhusiwa. Hao ni watani."

"Na kumbeba je?"

"Ikibidi, hata kumbeba."

"Jana nilipoanguka tulikuwa tunakimbia sambamba, mimi na wewe. Ukaniambia, 'Kaa hapo shemeji, niwahi medali zisije zikaisha, nakuja.' Mimi nimekaa. Mpaka sasa nakungoja."

Kisha mzee Masele akachekea puani, akajaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi, ikashindikana.

"Nilitaka kukufichia aibu," mama akaendelea. "Ila hutamfukuza mtu kwa kufanya kazi uliyoikimbia wewe. Kondoo atatolewa, mila ni mila. Atamtoa aliyeniacha, siyo aliyenibeba."

Nkwabi alikaa. Alisema medali zilikuwa chache kweli. Hakuna aliyemsaidia. Masele akauliza kama kuna mwenye neno juu ya harusi, na neno pekee lilitoka kwa Nkwabi, akitaka kujua kama kondoo mdogo anafaa. Wakamjibu kwamba wanataka aliyenona.

Asteria alimsindikiza Boaz mpaka kwenye pikipiki, pembeni ya nyumba.

"Nilikuandikia maneno mabaya," alisema.

"Uliandika ya mtu anayeogopa."

"Ungenikosa kwa neno moja, Boaz."

"Na ningekupata kwa neno moja. Halafu kila nikipishana na mama yako, lile neno tunapishana nalo pia."

Asteria alimshika mkono, na safari hii hakukuwa na mzee wa kukohoa. Kisha uchokozi ukamrudia.

"Hebu niambie ukweli, hapa tuko wawili. Mama ni mzito?"

Boaz aliangalia chini.

"Mgongo wa mkwe si mizani, Asteria. Haujui uzito wa mtu."

Dirisha la chumbani likafunguka kidogo.

"Mjibu mwenzio, baba," sauti ya mama ikasema. "Hata mimi nataka kujua."

Boaz aliwasha pikipiki, akaondoka kasi kuliko wote waliokimbia jana.