Upande wa Pili wa Kanda ya Buya

Siku ile nilikuwa kwa dadangu Asenath, nje kidogo ya Garsen. Nilikuwa nimeshiba wali na samaki, na nikishiba hujigamba. Nilikuwa nikimweleza kwamba kanda yangu ya muziki wa hevi metali, niliyoinunua Hamburg enzi zile nikipika melini, bado haijazeeka hata kidogo.

"Sikiliza hizo ngoma," nikamwambia. "Mtu anapiga kwa mikono yake mwenyewe!"

"Kaka George, umezunguka dunia nzima ukaturudia na kitambi na kelele."

Nilicheka hadi machozi. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba, nikadhani anaanza kupona.

Kanda hiyo nilimpa mumewe, Buya, naye akaipa kazi. Viboko wakija kula mpunga, yeye juu ya dungu la kulindia shamba anafungulia redio hadi mwisho. Viboko walikimbia, nami nikajiona nimekuza kilimo cha Tana River. Kisha, mwezi mmoja kabla ya siku ile, mtumbwi wake ukakutwa mtoni umepinduka. Mwili hatukuupata. Tangu hapo Asenath alicheza kanda ile kutwa.

Upande wa pili una wimbo mrefu. Katikati magitaa yote hunyamaza, likabaki moja, linadondoka polepole kama mvua inayokatika juu ya bati. Nimeusikiliza miaka thelathini. Pale hakuna mtu anayeimba.

Siku ile alikuwapo.

"Leteni mtumbwi!"

Ndivyo tunavyoita tukiwa ng'ambo ya mto, tukitaka kuvushwa. Ilikuwa sauti ya Buya.

"Kumbe alirekodi juu yake," nikasema, nikaitoa kanda nimwonyeshe. Vile vijipande viwili vya ukingoni, vinavyoruhusu kurekodi, havikuwapo. Havikuwahi kuwapo; iliuzwa hivyo. Redio ile isingeweza kurekodi hata kikohozi juu yake.

Nikairudisha kanda redioni.

"Jana alikuwa mbali zaidi," Asenath akanong'ona. "Kila nikirudia, anasogea."

"Usiicheze tena, dada. Nakuomba."

"Nani mwingine atamvusha?"

Nikatoka mbio kumwita jirani yetu Komora, aje tumzuie. Tuliporudi nyumba ilikuwa tupu. Redio haikuwapo.

Tuliisikia kabla ya kuufikia mto.

Ilikuwa kwenye tope la ukingoni, gitaa likidondoka. Asenath alikuwa majini. Maji yalimfika kifuani naye anatembea taratibu, kama mtu aendaye sokoni. Jua lilikuwa kali. Mto ulikuwa mtupu.

"Leteni mtumbwi!"

Safari hii nilisikia hadi pumzi yake.

Miaka kumi baharini na sijui kuogelea. Nilijitupa hivyo hivyo. Komora akanipita. Nilimwona Asenath akifumbua mdomo kujibu. Midomo ilicheza. Sikusikia kitu. Komora akamshika nywele, mimi nikashika leso, tukamvuta hadi kwenye tope.

Nyuma yetu, ngoma zikarudi.

Asenath yu hai. Anapika, anafagia, ananiandalia chakula. Ila tangu siku ile hajatoa neno. Hospitalini walimpima koo, wakasema ni zima. Nimemtania kwa kila nilichonacho, kitambi, upara, hata Kijerumani changu kibovu. Ananitazama tu.

Juzi nikaicheza kanda peke yangu. Ngoma bado ni zile zile, na gitaa lile bado linanisimamisha nywele nilizobakiza. Pakafika mahali pale pa kimya. Buya haiti tena. Kuna kafi linalopiga maji. Kisha mwanamke, karibu kabisa, akicheka:

"Nakuja, Buya. Mwache kaka na kelele zake."

Nikageuka. Asenath alikuwa mlangoni na sahani yangu ya wali, midomo imefungwa.

Komora ananisihi niichome. Nitaichomaje? Humo ndimo dadangu bado ananitania. Nimeirudisha nyuma jana, nimeirudisha leo, sikio limegandamana na redio.

Kila nikirudia, anazidi kuwa mbali.