Niazime Maisha

Umeme ulikuwa umekatika Same nzima, mashine ya kusaga ya jirani imenyamaza, lakini ndani kwa Raheli gemu ilikuwa inalia. Kamuziki kalekale, ti-ri-ri, ti-ri-ri, kanapanda kanashuka. Raheli alitua kiroba cha tangawizi alichotoka nacho Mamba, akasikiliza, akajiambia labda mgao umeisha mapema. Akabonyeza swichi ya taa. Taa haikuwaka.

Hasira ilimpanda kabla ya hofu. Kigemu kile alikichukia tangu siku mumewe, Eliufoo, alipokileta kutoka Dar. Shamba la mkonge limeuzwa, wafanyakazi wamepunguzwa, wenzake wananunua mbuzi na cherehani kwa kile walichoambulia, yeye anashuka kwenye basi kakumbatia televisheni ya mtumba na kisanduku cha gemu. "Ndiyo mambo ya siku hizi," alisema. "Itakaa na mtoto, sisi tuhangaike." Na kweli ilikaa naye. Raheli yuko milimani anatafuta tangawizi, Eliufoo yuko kijiweni anatafuta wa kumsikiliza, na Careen, mtoto wao wa pekee, wa darasa la tatu, anaachiwa kisanduku kimlee.

Raheli akasukuma mlango wa chumbani. Careen alikuwa sakafuni, mgongo umepinda, makande ya asubuhi yamekauka pembeni. Kioo cha televisheni kilikuwa cheusi tii. Mtoto alishika pedi yake ya kuchezea, vidole vinakwenda. Pedi ya pili ilikuwa chini, mbele ya mahali pasipo na mtu, na vitufe vyake vilikuwa vinabonyea vyenyewe. Chumba kilinuka udi, na humo ndani haujawahi kufukizwa udi.

"Haya, chukua," Careen alinong'ona. "Lakini hiyo ni ya pili sasa. Nimebakiza maisha moja tu."

"Careen! Unaongea na nani?"

"Na mwenzangu, mama. Maisha yake yameisha, anataka nimwazime."

Ndivyo gemu ile ilivyochezwa. Kila mmoja anaanza na maisha matatu, na aliyeishiwa anamwomba mwenzake. Watoto mji mzima walikuwa wakiimba hivyo kutwa, niazime maisha, niazime maisha, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kusimama akalisikia neno lenyewe.

Raheli alimnyakua mtoto, akamwona mwepesi, mbavu zinahesabika chini ya gauni. Akapiga kelele kumwita Bi Rabia, jirani yake, mjane aliyekuja na mumewe kutoka Tanga enzi za mkonge. Wanakwaya wenzake Raheli walizoea kumsengenya mama huyo kwamba anaongea na mashetani. Leo alikuja mbio na maji aliyoyasomea, na nyuma yake Eliufoo, katolewa kijiweni, anahema.

"Shikamoo, Bi Rabia. Mwanangu..."

"Marahaba. Sema taratibu, anakusikia."

Na hapo, mchana kweupe, jua la Same likichoma bati, kinywa cha Careen kikafunguka bila midomo kutikisika, ikatoka sauti ya mwanamume mtu mzima, ya upole, ya mtu aliyekaa nyumba hiyo muda mrefu na kuijua ilivyo, huku vitufe vya ile pedi vikiendelea kubonyea taratibu, ti, ti, ti, na udi ukizidi.

"Sikuvunja mlango," ilisema. "Niliomba, nikapewa."

"Mtoto hakujua anachokupa," Bi Rabia alijibu.

"Toka kwa mwanangu!" Raheli alifoka. "Mwanaharamu mkubwa wee, toka!"

"Mwanao? Jino la juu limemtoka lini?"

Raheli akatazama. Kwenye ufizi palikuwa na pengo, na tayari jino jipya lilikuwa linachungulia. Hakuwa na habari nalo.

"Alinionyesha mimi," sauti ilisema. "Mimi ndiye niliyemsifia."

Raheli akamgeukia Eliufoo, akamshika shati. "Umesikia? Umesikia wewe? Ulisema itakaa naye!" Alitaka kumrarua. Alitaka kujirarua na yeye mwenyewe, lakini mikono ilikuwa miwili tu na mmoja umemshika mtoto.

Bi Rabia alimmwagia Careen maji utosini, akasoma, sauti yake ikipanda. "Rudisha!" akaamuru. "Rudisha ulichochukua kwa mtoto asiye na akili ya kutoa!"

Sauti ikasema, kwa unyonge kidogo, "Ya pili nairudisha. Ya kwanza nimeshaicheza."

Pedi ikatulia. Udi ukakatika. Careen akavuta pumzi ndefu, damu ikamrudia usoni, akaanza kulia kama watoto wanavyolia.

Raheli alimlaza kitandani, akainyanyua televisheni peke yake, na kisanduku juu yake, akavitupa uani, akachukua mchi wa kinu. Alitwanga kioo, akatwanga kisanduku, akatwanga zile pedi mpaka nyaya zikatawanyika vumbini na jasho likamwingia machoni.

"Mama Careen," Eliufoo alisema kwa sauti ndogo, "si bora tungemuuzia mtu?"

Alimtazama mumewe, mchi mkononi, na Eliufoo akarudi nyuma mpaka ukutani. Hakustahili hata tusi. Raheli akautupa mchi, akaingia ndani.

Careen alikuwa ameamka. Amekaa kwenye mkeka, anakula yale makande ya baridi kwa pupa, macho maangavu, mzima kabisa. Bi Rabia alikuwa amesimama kando, akimtazama. Raheli akapiga magoti, akafungua mikono yake yote miwili.

"Njoo, mama. Njoo kwangu."

Mtoto akaweka kijiko chini. Akajifuta mdomo, akasimama, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu.

"Shikamoo," alisema. "Wenyewe hawapo. Mama ameenda Mamba, baba yuko kijiweni. Wamesema nisimfungulie mtu."