Dole Gumba Chini ya Maji

Asubuhi nyumbani kwao ilianza kwa sauti yake. Kabla birika halijachemka, kabla kaka yake hajaipata soksi ya pili, yeye alikwisha kusimulia habari za jana, za leo, na za mtu asiyemjua aliyemwona barabarani. Alizungumza hata mswaki ukiwa mdomoni, povu likarukia kioo. Ndiyo maana walimwita Redio.

"Wewe, tema kwanza ndipo utangaze," Mama alimwambia.

"Hiyo haizimiki, Mama," kaka yake alisema. "Hata ukitoa betri inaendelea."

Redio alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Jumamosi hiyo alikuwa na haki ya kupiga kelele. Alikuwa anakwenda kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, ile mbizi ya kukaa chini ya maji na kupumua kama samaki aliyestaarabika.

Usidhani kozi hiyo inauzwa bei ya karanga. Unalipia kitabu, unalipia bwawa la kuogelea, unalipia vazi la mpira, unalipia na hewa. Ndiyo, hewa, hii hii tunayoivuta bure! Mwisho kabisa unalipia kadi yenye picha yako, ya kuonyesha kwamba umefuzu. Baba alipoisikia ada aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Lakini Baba alikuwa fundi wa kompresa, na kompresa ya kujazia mitungi pale kituo cha mbizi ilikuwa inakohoa kama mvuta sigara. Wakapatana na mwalimu: Baba aiponye mashine, binti yake asome.

"Kozi moja tu," mwalimu alisema. "Akifeli akarudia, tutakaa tena tuzungumze."

"Hafeli huyu," Baba alisema, akamtazama Redio kwa jicho lililosema maneno mengine marefu zaidi.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ndogo. Wanafunzi walimwita Kamanda kwa sababu hakuhitaji kuipaza. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wanne. Dada wawili wa tumbo moja walishikana mikono tangu mlangoni, kwa hiyo mwenzi wa Redio akawa mwanamume mmoja mwenye kitambi cha heshima, mwokaji wa mikate.

"Mke wangu ndiye aliyenilipia, eti zawadi," Mwokaji alimnong'oneza Redio huku akipambana na zipu ya vazi la mpira. "Sijui nilimkosea nini."

"Vuta pumzi ndani, Mjomba! Zaidi! Zaidi! Imepanda!"

"Imepanda, lakini sasa siwezi kuitoa hiyo pumzi."

Kamanda aliwaketisha ukingoni mwa bwawa. "Chini ya maji hakuna mdomo," alisema. Redio alihisi kama ametukanwa. "Mdomo umeshika kipumulio. Mtazungumza kwa mikono. Ukiunganisha kidole cha shahada na gumba kuwa duara, maana yake niko salama. Dole gumba likielekea juu, maana yake twende juu. Tena si ombi. Mwenzi wako akikuonyesha dole hilo, mnapanda wote wawili, sasa hivi. Maswali mtaulizana mkishatoa vichwa."

Wakazama. Jamani, pumzi ile ya kwanza! Redio alivuta, hewa ikaja baridi na kavu. Alitoa, mapovu yakampita masikioni yakicheka. Ninapumua! alijiambia. Niko ndani ya maji na ninapumua! Kamanda akamwuliza kwa duara la vidole: uko salama? Redio, kwa furaha iliyompanda mpaka kichwani, akainua dole gumba juu kabisa, kama afanyavyo kila mtu akitaka kusema safi sana.

Kamanda akampandisha juu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu! Nasema safi!"

Wakashuka. Baada ya muda Kamanda akauliza tena, na Redio akainua tena dole. Wakapanda. Mara ya tatu dada wale wawili walicheka mpaka maji yakawaingia puani. "Huyu ni lifti," mmoja alisema.

"Mkono wako una kichwa kigumu," Kamanda alimwambia, akitabasamu kidogo. "Ufundishe."

Redio aliufundisha. Nyumbani aliomba chumvi kwa mikono, akamuaga kaka yake kwa mikono, mpaka kaka yake akamwuliza Mama kama kuna daktari wa redio zilizokatika mawimbi. Siku baada ya siku alijifunza kutoa maji kwenye miwani bila kupanda juu, kubana pua na kupuliza ili masikio yasiume, na ile sheria kubwa kuliko zote, kutobana pumzi hata kidogo. Mwokaji alikuwa mzito kujifunza. Maji yakimwingia kwenye miwani alipiga mikono kama kuku aliyekanyagwa. Lakini hakukosa hata somo moja, na kila mara alileta mkate wa moto.

Mtihani wa mwisho haukufanyika bwawani. Nje ya mji palikuwa na machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji ya kijani, na chini kabisa, kwenye sakafu ya mawe, lilikaa lori kuukuu lisilo na paa wala milango. Wapiga mbizi walilishusha huko makusudi, ili wanafunzi wapimwe nalo. Mtihani ulikuwa rahisi kuusema: teremka na mwenzi wako, fika kwenye lori, lizunguke, rudi salama pamoja naye. Redio hakulala vizuri wiki hiyo. Alikwisha kuliendesha lori lile mara nyingi kitandani, pamoja na honi.

Siku ikafika. Walishuka wakifuata kamba, Kamanda mbele na wale dada wawili, Redio na Mwokaji nyuma yao. Kijani cha maji kilizidi kuwa kizito, na baridi ikapenya kwenye vazi la mpira. Halafu akaliona! Kwanza taa moja kama jicho, kisha boneti, kisha usukani, mweupe kwa ukungu wa maji.  Palibaki mwendo mfupi tu, mateke machache ya mapezi ya miguuni.

Mwokaji akamshika mkono. Redio akageuka. Mwokaji alikuwa ameinua dole gumba, juu.

Nikwambie kitu kimoja, msomaji. Redio alielewa. Yale macho nyuma ya kioo yalikuwa makubwa kama visosi, na mapovu yalitoka kwa fujo, moja likimfukuza jingine. Alielewa vizuri kabisa. Lakini lori lilikuwa pale pale, na kazi ya Baba ilinunua kozi moja tu, na wakipanda sasa kadi hakuna. Ndipo wazo likamjia, wazo tamu, la hila: huenda anasema safi. Si hata mimi nilikosea hivyo? Nani atanilaumu?

Akampa Mwokaji duara la vidole, uso mkunjufu, kana kwamba wanapongezana. Akampa mgongo. Akapiga mateke mpaka lorini, akashika usukani.

Usukani ulikuwa na utelezi. Haukuwa na utamu wowote. Aliangalia nyuma. Kamanda alikuwa upande wa pili wa boneti, ameinama akimrekebishia dada mmoja kamba ya pezi. Mwokaji alining'inia peke yake kwenye yale maji ya kijani, mkono mmoja umeng'ang'ania kamba, na mkono wa pili bado umeinuliwa, dole juu.

Redio aliuachia usukani kama umemuunguza. Alirudi kwa nguvu zote, akamshika Mwokaji mkono, akamwonyesha kifua chake mwenyewe: pumua hivi, polepole, nami. Akampa dole: twende juu. Wakapanda taratibu kama walivyofundishwa, jicho kwa jicho, mpaka jua likawapiga usoni.

"Hewa ilikuwepo," Mwokaji alisema akihema, "lakini pumzi zilinikimbia. Niliogopa, mwanangu. Mtu mzima mimi, nimeogopa." Mapovu ya Kamanda yalikuwa yanakuja kutoka chini. Mwokaji akayaona, akasogeza mdomo karibu. "Sikiliza. Nitasema nilikosea ishara, nilikuwa nasema safi. Na wewe hukukosea kitu. Lori umeligusa. Sote tunapata kadi, na mke wangu hatanicheka. Sawa?"

Kichwa cha Kamanda kikatokeza. "Kumetokea nini?"

"Dole langu hili!" Mwokaji alicheka, kicheko kisicho na chumvi. "Nilitaka kusema safi, nikamchanganya mtoto."

Kamanda akamgeukia Redio. "Ndivyo ilivyokuwa?"

Hapo maneno, yale maneno yaliyokuwa yakimwagika kwake tangu alfajiri mpaka usiku, yalipotea yote. Aliutazama mkono wa Mwokaji uliong'ang'ania boya la kamba. 

"Hapana, Mwalimu," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hata kaka yake asingeitambua. "Alisema twende juu. Nilimwelewa. Nikajifanya sikuelewa, kwa sababu nilitaka lori. Nilimwacha."

 Mwokaji alifumba macho.

"Na ni kweli niliogopa," akasema naye, taratibu. "Mtoto asibebe lawama peke yake."

Kamanda aliwatazama kwa zamu. "Na mimi niliwageuzia mgongo muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Hilo ni langu, halitarudiwa. Leo hakuna kadi kwenu ninyi wawili. Tokeni majini, mnywe chai."

Kumwambia Baba kulikuwa kugumu kuliko kumwambia Kamanda. Baba alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukaza skrubu aliyokuwa akiikaza.

"Angekufa?" akauliza.

"Sijui, Baba. Labda."

"Basi hilo ndilo la kuumiza kichwa. Kadi tutaitafutia njia." Akaweka bisibisi chini. "Lakini njia hiyo utaitembea kwa miguu yako. Mimi mashine nimekwisha kutengeneza."

Jumamosi zilizofuata Redio alizitumia kituoni, akiosha mavazi ya mpira. Hakuna harufu duniani kama ya vazi la mpira lililovaliwa na watu wengi, na wengine, afadhali niseme wazi, hawatoki majini wanapobanwa. Alisuuza miwani, akaanika mapezi, akafuta mitungi mpaka ikang'aa. Kwenye bwawa, Mwokaji naye alirudia mazoezi, miwani ikijaa maji na kutolewa, ikijaa na kutolewa, mpaka mikono yake ikaacha kupiga kama kuku. Kazi ile ya kuosha ilipotimiza ada ya mtihani wa pili, Kamanda aliwaita wote wawili.

"Naweza kukupa mwenzi mwingine, Mwokaji. Una haki ya kukataa."

Redio aliangalia vidole vya miguu yake.

"Mwingine wa nini?" Mwokaji alisema. "Huyu alisema kweli mbele yako wakati uongo ulikuwa umekwisha kupikwa na kuivishwa. Mtu kama huyo ndiye ninayetaka kushuka naye."

Wakashuka. Safari hii Redio alitazama kamba, akatazama kipimo cha hewa, akamtazama Mwokaji, kisha akaanza upya. Njiani Mwokaji alisimama, na Redio akasimama papo hapo, akasubiri. Mwokaji alibana pua, akapuliza kuzibua masikio, akatoa duara. Wakaendelea. Taa ikatokea, kisha boneti. Redio akaketi nyuma ya usukani! Mwokaji akajipenyeza kando yake kwenye kiti cha abiria, kitambi, mtungi na vyote, na samaki mdogo mwenye mistari akatoka kwenye shimo la spidomita akawakazia macho kama trafiki aliyekamata gari bovu. Redio alicheka ndani ya kipumulio, mapovu yakapanda kama sufuria inayochemka, Mwokaji naye akacheka, na lori zima likajaa mapovu.

Ukingoni mwa machimbo Kamanda aliwapa kadi zao. Kwenye picha Redio alikuwa amefumba jicho moja.

"Ulipofika lorini leo sikushangaa," Kamanda alimwambia. "Miguu yoyote inaweza kufika. Niliamua kukupa kadi hii siku ile uliyofeli, uliposema kwamba ulimwelewa. Mwongo ni hatari nchi kavu, lakini chini ya maji mwenzake anakosa hata mahali pa kupiga kelele. Sema kweli mapema, hata kama inakunyima ulichokitaka. Hivyo ndivyo watu wanavyorudi nyumbani."

 Redio alikimbia njia nzima, nywele zikichuruzika maji, mpaka karakana ya Baba.

Baba alikuwa amejaa grisi hadi kwenye viwiko. Aliiona kadi mkononi mwa binti yake, lakini hakuipokea. Alitafuta kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja, akanawa kwa sabuni, akajikausha. Ndipo akanyoosha mikono yote miwili.