Mstari wa Kijani

Jioni ile mama alinituma kitu kimoja tu: nikachukue kompyuta ya marehemu Shangazi kabla binamu, mwanawe, hajafika. Basi lake lilikuwa liingie saa moja na nusu. Nilikuwa na ufunguo, nilikuwa na mfuko wa kubebea, na nilikuwa na jambo nililolificha tangu siku ya mazishi.

Mama hakulijua.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa haoni. Macho yalimwishia polepole akiwa kazini, kwenye swichibodi ya ofisi ya reli, alikounganisha simu za watu kwa miaka ishirini na tisa. Alipostaafu nilimwekea kisoma skrini, ile programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo cha kompyuta. Sauti yake ilikuwa ya kiume, kavu, ikitamka Kiswahili kama mtu aliyekisomea kwa barua. Shangazi aliipa jina: Karani.

"Karani, punguza mdomo," alizoea kuiambia, nayo iliendelea kumsomea mpaka nukta na mikato.

Daktari alipomwambia hana muda mrefu, aliniita. Mwanawe wa pekee alikuwa nchi ya mbali, mchomeleaji mgodini, na ruhusa yake ilikuwa haijatoka. Shangazi alitaka kumwachia maneno. Barua hakuitaka. Alitaka sauti yake mwenyewe.

"Msomi," aliniambia. Ndivyo alivyonitania tangu nimalize chuo. "Nitengenezee hapo nibonyeze nizungumze. Lakini Karani asiingie. Sitaki mwanangu asikie mama yake anakatizwa na karani."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unamvalisha hedifoni, ili sauti ya Karani iishie masikioni mwake isifike kwenye maikrofoni. Kisha, kwenye programu ya kurekodi, unachagua chanzo cha sauti: maikrofoni, si sauti ya kompyuta yenyewe. Ukikosea hapo, utamrekodi Karani peke yake. Aliyekaa mbele ya maikrofoni hatasikika hata akipiga mayowe.

Nilikosea hapo.

Nilikuwa na haraka. Kuna watu walikuwa wananisubiri, simu inatetemeka mfukoni. Nikamwambia aseme chochote. Akajiweka sawa kitini, akasema kwa sauti yake ya kazini, "Halo, halo. Subiri, nakuunganisha." Kwenye kioo, mstari wa kijani unaoonyesha kwamba sauti inaingia ukacheza. "Mstari unacheza, yatosha," nikamwambia. Sikufikiri kwamba ulikuwa unamchezea Karani, aliyekuwa akihesabu sekunde ndani ya hedifoni.

"Umesikiliza?" Shangazi aliniuliza. "Mimi huo mstari wako siuoni. Wewe ndiye macho yangu hapo."

"Nimesikiliza, Shangazi."

Sikusikiliza.

Naye hakuwahi kujisikiliza. Ilikuwa adabu ya kazi yake: ukishamuunganisha mtu, unatoka kwenye laini. Kwa wiki tatu alibonyeza, akazungumza, akazima. Faili kumi na moja. Kisha akafa.

Siku ya mazishi mama aliwaambia waombolezaji kwamba sauti ya marehemu ipo, imehifadhiwa, "na aliyeifanya kazi hiyo ni mwanangu huyu hapa." Watu wakanigeukia. Hapo ndipo nilipoukumbuka mstari ule. Siku tisa nilijua kwamba huenda nimeharibu, na siku tisa niliogopa kwenda kuhakikisha.

Nilifungua mlango wa Shangazi saa kumi na mbili na robo. Harufu ya dawa yake ya kuchua ilikuwa bado imejaa chumbani, kama mtu ametoka kujipaka sasa hivi. Nikapapasa swichi ya taa. Haikuwaka. Nikakumbuka: Shangazi hakuwahi kuweka balbu chumbani mwake. "Ya nini?" alisema. "Nimuwashie nani?"

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikawasha kompyuta. Mwanga wa kioo ukafika mpaka kwenye magoti yangu, ukaishia hapo.

Nikachukua hedifoni, nikazivaa.

Sponji zake zilikuwa na joto.

Faili ya kwanza. Nikabonyeza.

"Inarekodi," Karani akasema. "Sekunde kumi. Sekunde ishirini."

Basi. Katikati ya sekunde, pale Shangazi alipokuwa akimwaga moyo wake, hapakuwa na kitu. Hata pumzi. Faili ya pili, vilevile. Ya tano ilikuwa ndefu kuliko zote, dakika arobaini na mbili. Niliiruka hapa na pale, nikitafuta hata kikohozi. Karani akihesabu. Mpaka ya kumi na moja.

Nikainamisha kichwa juu ya kibodi. Nilikuwa nimempokonya mtu mama yake mara ya pili.

"Faili ya kumi na mbili," Karani akasema.

Nikainua kichwa.

"Leo. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, jioni."

Nikatazama saa ya mkononi. Kumi na mbili na dakika arobaini. Nyumba ilikuwa imefungwa siku tisa. Mimi sikuwa nimegusa kitufe cha kurekodi... nina hakika. Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nimekuwa hivyo tangu jioni ile.

Nikabonyeza.

"Inarekodi. Sekunde kumi..."

Akanyamaza. Karani hanyamazi katikati.

Kisha, kwa sauti ileile kavu, polepole:

"Umesikiliza?"

Karani husoma kilichoandikwa. Kwenye kioo hapakuwa na neno hilo. Palikuwa na orodha ya faili, na mstari wa kijani uliolala kama uzi.

Nikavua hedifoni, nikaziweka mezani. Harufu ya dawa ikazidi, ikawa karibu, nyuma ya shingo yangu. Na kutoka mezani, kidogo kama sauti ya mdudu:

"Msomi."

"Sikusikiliza, Shangazi," nikanong'ona. "Nilikudanganya. Nilikuwa na haraka."

Mstari wa kijani ukaruka mara moja. Ukalala tena.

"Subiri," Karani akasema. "Nakuunganisha."

Mlango ukagongwa.

Alikuwa binamu, begi begani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Basi limewahi, mama yako kanielekeza huku," alisema. "Mbona umekaa gizani, Msomi? Umekuwa popo?"

"Kaka, kaa kwanza. Kuna jambo lazima nikuambie kuhusu hizo sauti..."

"Utaniambia." Alikuwa ameshakaa kitini, hedifoni masikioni. "Nimesafiri siku tatu kwa ajili ya hili. Niache kwanza."

Akabonyeza. Nilisimama nyuma yake, nikitazama kioo. Mstari haukucheza. Hata kidogo. Yeye akafunga macho. Mabega yakaanza kutikisika. Mara moja alicheka, akatikisa kichwa, kama mtu anayetaniwa na mama yake. Alikaa hivyo muda mrefu.

Hatimaye akazivua.

"Umesikiliza?" nikamuuliza.

"Nimesikiliza."

Alijibu upesi mno, bila kunitazama. Ninalijua jibu la namna hiyo. Nikaelewa: amesikia Karani tu, ameamua kunistahi. Nikaona aibu. Lakini, niseme ukweli, niliona pia nafuu.

Akaiweka kompyuta ndani ya begi, akafunga zipu. Alipofika mlangoni alisimama, akanipa mgongo.

"Amesema nisikulaumu," alisema. "Ati mstari wa kijani ulikudanganya."

Akatoka.

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mstari ule ulinidanganya. Mpaka leo, ninapoandika haya.

Baadaye aliniletea nakala ya faili zote, kumi na mbili. Huwa nazisikiliza jioni, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, bila kuruka. Sauti ya Shangazi sijawahi kuisikia. Namsikia Karani anahesabu. Ila sasa, katikati ya sekunde, pale palipokuwa patupu, kuna mtu anapumua. Taratibu, kwa adabu.

Anasubiri nitoke kwenye laini.