Majivu Midomoni

Mkiniamini, nashukuru, msiponiamini, majivu hayana haraka.

Lilianza jambo dogo, la kuchekesha hata. Mwenye kinu cha kusaga nafaka alisimama mahakamani kuapa, akaibusu Biblia kama desturi ilivyo, na alipoinua uso midomo yake ilikuwa myeusi tii.

"Umetoka kula mkaa, Bwana Fitch?" mtu mmoja akamtania, na watu wakaangua kicheko.

Jaji Asahel Pruden hakucheka. Mahakama ilikuwa sebule yake mwenyewe, kwa kuwa jengo la serikali lilikuwa bado msingi mtupu chini ya theluji, na Biblia ile ilikuwa ya nyumbani kwake. Aliikumbatia kifuani siku waasi walipolichoma ghala lake kule New York na kumfukuza kwa kosa la kumpenda Mfalme wa Uingereza. Mfalme naye hakumsahau: alimpa shamba huku kaskazini, koloni la New Brunswick, kando ya mto, kisha akampa ujaji, na Alhamisi ya wiki ile angeapishwa kuwa mjumbe wa Baraza la gavana. Mtu aliyeanza na shati moja, akafika huko!

Jioni aliifungua Biblia, akaikung'uta. Majivu yakamwagika mezani, laini, yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Alijua ni karatasi gani.

Vuli iliyopita, Keziah, mwanamke Mweusi, alisimama sebuleni pale akiwa amemshika binti yake Juno wa miaka sita. Kapteni Rudd alidai wote wawili ni mali yake. Keziah alitoa karatasi aliyopewa na jeshi la Mfalme wakati wa vita: yeye na mtoto wake ni huru. Jaji akaipokea aichunguze usiku. Rudd alikuwa na sauti kubwa kwa gavana. Asubuhi Jaji akauliza, bila kupepesa macho, "Karatasi yako iko wapi, mama?"

"Si nilikukabidhi wewe, Mheshimiwa?"

"Hakuna karatasi hapa."

Wakakabidhiwa Rudd. Keziah alimponyoka njiani, akakimbilia mtoni, na barafu ikiwa bado changa ikampasukia, akazama. Mtoto alibaki kwa Rudd.

Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Kuanzia siku ile ya mwenye kinu, kila aliyeapa aliondoka na midomo myeusi. Mkate wa Tabitha, mkewe, ukawa na ladha ya majivu. Na adhuhuri, nyumba ikiwa imejaa mwanga wa theluji, Jaji alisikia karatasi ikijikunja motoni, cha, cha, cha, akageuka akaona meko baridi, hayana hata kijinga cha moto, na bado sauti ikaendelea, ikatoka mekoni ikaja mezani, ikapanda kwenye mkono wa kiti chake mpaka ikawa sikioni, na ndani yake mwanamke aliyelowa akipumua taratibu kama anayesubiri ajibiwe.

"Asahel," Tabitha alinong'ona, "nani amekaa kitini pako? Pamelowa."

Jumatano Jaji alikwenda mwenyewe mpaka kibanda cha Mama Sabina, mamake Keziah, mfua nguo. Alimkuta anakamua shuka, na hakuacha.

"Mwambie aniache, mama."

"Simwambii. Unayakumbuka maneno ya karatasi?"

"Yote," akasema, na aibu ikamchoma.

"Basi yaseme mbele ya watu, yaandikwe, mjukuu wangu arudi. Mwanangu hataki roho yako, bwana. Itamfaa nani?"

Alhamisi waheshimiwa saba walikaa sebuleni, Rudd akiwemo. Kanali Ormsby, aliyetumwa na gavana, alimnyooshea Biblia. Jaji hakuipokea. Alifumba macho akasema kwa sauti nzima, "Mwenye karatasi hii, Keziah, pamoja na binti yake Juno, walikimbilia ulinzi wa Mfalme, nao wana ruhusa ya kwenda popote wapendapo. Niliichoma mimi. Karani, andika."

Ile sauti ikakatika. Harufu ikaondoka. Alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia, na machozi yakamtoka.

Karani akachovya kalamu.

"Weka chini," Kanali akasema kwa upole. "Mheshimiwa amechoka. Baridi hii."

"Sijachoka. Nimesema..."

"Tumekusikia, Pruden." Kanali akainama karibu. "Kila mmoja hapa ana Keziah wake. Ukiandika huyu, tuandike wangapi? Utarudi kwenye shati lako moja, uzee huu? Na mkeo?"

Jaji alimtazama Tabitha mlangoni. Tabitha akainamisha macho. Karani alishika kalamu hewani, akingoja neno la jaji peke yake, na hapo ndipo neno moja lingetosha.

Jaji hakulisema. Wakaipitisha Biblia mkono kwa mkono, kila mmoja akaibusu kumtakia heri mjumbe mpya, na kila mmoja akainuka na midomo myeusi, akamwona mwenzake, akatazama pembeni. Yeye akaibusu wa mwisho.

Walipotoka, Mama Sabina alikuwa langoni kwenye theluji, na mkononi ameshika kijoho cha sufu cha mtoto. Alitazama midomo ya Kanali, ya Rudd, ya kila aliyepita. Akafika kwa Jaji, naye alikuwa ameinua leso kufunika midomo, amechelewa.

"Nilidhani angebaki mmoja safi," akasema. Akakikunja kijoho kile, akakitia kwapani, akaondoka.

Nyuma ya Jaji, ndani ya nyumba, karatasi ikaanza kujikunja upya.