Kadi ya Nyanzala

Kila jioni, akitoka shule, Hadia alikaa kwenye duka la mama yake katika mtaa wa Kawajense, mkono mmoja ukipima sukari, mwingine umeshika simu ya mama. Kazi aliyopewa na mama, na aliyoipenda, ni kuwasomea wateja yaliyoingia kwenye kundi la majirani la WhatsApp: nani kaibiwa kuku, nani kaposwa, nani kaachwa. Duka lilijaa watu, na nusu yao hawakununua hata kiberiti.

Jumatatu moja Nyanzala, aliyekaa naye dawati moja darasa la sita, alipita kununua chumvi akitokea hospitali. Akaondoka, kadi yake ya kliniki ikabaki kaunta. Hadia akaifungua. Kifafa.

Angeweza kumwita, Nyanzala alikuwa hajafika hata kona. Badala yake alipiga picha, akaandika, "Jamani, kumbe!" na vikatuni vitatu vya kucheka, akatuma. Sukari ya mteja haijafungwa, simu ikaanza kulia mfululizo.

Kesho yake dawati la Nyanzala lilikuwa limesukumwa ukutani, peke yake. Kikombe alichonywea kilitupwa chooni. "Povu kaingia! Kimbieni!" Methusela alipiga kelele, darasa zima likacheka. Hadia naye akacheka, maana aliogopa kuwekwa ukutani. Nyanzala alimtazama yeye tu. Siku iliyofuata hakuja shule, wala iliyofuata.

Mama Hadia alipoitwa na mwalimu mkuu, aliifuta ile picha. Ilikuwa imeshafika hadi mtaa wa Nsemulwa.

"Nyanyuka," alimwambia bintiye. "Tunaomba radhi nyumba kwa nyumba."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Prisila.

"Ile picha ya Nyanzala, mtoto wa Mwandu, tunaomba uifute, dada."

"Picha gani? Mimi bando liliisha. Mtoto yupi, huyu anayesoma na Prisila wangu? Ana nini?"

Mama Hadia alimvuta bintiye mkono. Wakiomba radhi, habari inazidi kusambaa! Wakarudi nyumbani.

Jioni walikwenda kwa kina Nyanzala pamoja na Nesi Dafrosa wa kliniki anakotibiwa. Nesi alikaa karibu na Nyanzala.

"Mwanangu, ninaomba ruhusa yako nikafundishe darasani kwenu kuhusu kifafa. Ukikataa, siendi."

Nyanzala aliinua macho. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Twende wote. Nitasema mwenyewe. Nyie mmeshasema vya kutosha."

Darasani Nesi alieleza kwamba kifafa hakiambukizwi, si kwa mate wala kwa povu, na kwamba mtu akianguka hatiwi kitu mdomoni, analazwa ubavu. Nyanzala akasimama. "Ninakunywa dawa kila siku. Nikianguka, msinikimbie." Methusela aliinamisha kichwa. Mchana ule walipokezana naye kikombe, na dawati lake likarudi katikati. Lakini alichagua kukaa na Prisila.

Hadia alirudi nyumbani akilia. "Mama, nimemuomba radhi mara tatu. Bado hataki kukaa na mimi."

"Basi asikae." Mama yake alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Habari ya mwili wa mtu ni yake mwenyewe, Hadia. Unamuomba kwanza, akikataa unafunga mdomo. Sisi tulichukua bila kuomba, mimi nikiwa wa kwanza kukufundisha. Sasa kilichobaki mkononi mwake ni urafiki wake. Huo utauomba, na akikunyima, utakubali."